Sifa ya Saba

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, Bwana Kambauwa, msajili wa Chuo Kikuu cha Namilambe, alimwita Ezelina Likongwe ofisini kwake akamwambia aandike tangazo la kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya Mkurugenzi wa Rasilimali Watu na Maendeleo ya Taasisi. Ezelina alikuwa ameikaimu kazi hiyohiyo kwa miaka minne na miezi miwili. Alikuwa amekalia kiti chake, amejibu simu zake na kutukanwa matusi yake yote, na sasa anaambiwa amtafute mtu wa kuifanya.

"Baraza limechoka na neno kaimu, mama," alisema Bwana Kambauwa. "Wanataka mtu kamili. Na wewe utaomba, sivyo?"

"Nitaomba, bwana."

"Basi andika sifa zinazokufaa. Nani atajua? Nguo unavaa wewe, fundi ni wewe!" Akacheka peke yake, akarudi kwenye chai yake.

Ezelina alitabasamu kwa adabu, akatoka. Alijua vizuri kilichokuwa hatarini. Akikosa kazi hii atarudi kwenye ile meza yake ya zamani karibu na mlango wa masjala, pale penye vumbi la majalada, awe chini ya mgeni ambaye hajui hata choo kiko upande gani. Watu wa chuo wangempisha kwenye ujia kwa ile huruma inayouma kuliko dharau. Alijua kwamba jambo hilo lilipaswa kumtisha. Alijisikiliza ndani, akangoja kidogo, hakusikia kitu. Mwaka wa pili huo alikuwa hivyo, moyo umekufa ganzi, na alikuwa ameshaacha kushangaa.

Watu wa nje hudhani idara ile kazi yake ni kuajiri na kufukuza. Wanaoifanya wanajua kwamba nusu yake ni kuzika. Mfanyakazi akifa, au akifiwa na mume, mke au mtoto, chuo hutoa jeneza kutoka karakana yake yenyewe, hutoa lori, unga wa mahindi na maharage ya msiba, na hutoa mtu wa kusimama nyumbani kwa marehemu au kaburini kusema kwa niaba ya mwajiri. Kanisa likishamaliza, kabla mkuu wa kijiji hajasimama, mwongoza shughuli huita: "Sasa maneno ya chuo, dakika tatu, tafadhali tusikae hapa mpaka kesho." Mtu wa idara hujitokeza na karatasi yake.

Karatasi hiyo aliiandika Ezelina mwenyewe, miaka kumi na mitatu nyuma, angali karani mdogo. Kabla ya hapo kila mkuu wa kitengo alisema lililomjia mdomoni, na mmoja wao aliwahi kusimama mbele ya mjane akamweleza habari za upungufu wa wahadhiri. Ezelina aliona haya kwa niaba ya chuo kizima. Akaketi siku tatu, akaandika ukurasa mmoja uliokaa sawasawa, akaacha nafasi wazi tatu: ya jina, ya kitengo na ya mwaka wa kuajiriwa. Siku uliposomwa mara ya kwanza, wanawake waliangua kilio na mkurugenzi wa wakati huo akavua miwani kujifuta macho. Tangu hapo hakuna aliyeigusa tena karatasi ile. Ezelina alikuwa ameisoma makaburini mara sitini na kitu.

Ndipo akafa Medson, mumewe. Medson alikuwa fundi redio, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Aliangukia humohumo kibandani, bisibisi mkononi. Chuo kilitoa kila kitu kama utaratibu unavyotaka. Ezelina aliketi ndani ya nyumba, kwenye mkeka ubavuni mwa jeneza, katikati ya wanawake, na kupitia mlango ulio wazi akamsikia msaidizi wake Geresomo akikohoa, akianza.

"Marehemu Medson Likongwe alikuwa mchapakazi, mnyenyekevu, mtu wa watu, aliyefika kazini kabla ya jua."

Hakuna aliyekuwa ameandika maneno mengine kwa ajili ya mume wa mfanyakazi, kwa hiyo Geresomo akasoma yale yale ya mfanyakazi. Medson hakuwahi kuwahi popote. Hata harusini kwake alifika saa mbili baada ya bibi harusi, akiwa na redio ya mtu chini ya kwapa. Na unyenyekevu! Medson alijisifu hata mbele ya kuku. Kila asubuhi alipiga mluzi huku akipiga mswaki, povu likarukia kioo chote, na kwa miaka kumi na tisa Ezelina alikifuta kioo kile akimlaani. Hakuna hata moja la hayo lililokuwa kwenye karatasi.

Alijua Geresomo atavuta pumzi wapi, kwa kuwa koma aliziweka yeye. Geresomo alipofika penye "ameacha pengo lisilozibika," midomo ya Ezelina ikacheza yenyewe. Alikingojea kilio. Alidhani kitakuja kaburini, halafu akadhani kitakuja wageni wakiondoka, halafu baada ya kunyolewa nywele. Hakikuja. Wanawake wakasema mama yule ni jabali, na wiki ya pili alikuwa kazini anajaza fomu.

Basi Jumatatu ile alichukua tangazo la zamani kwenye jalada akaanza kulinakili. Lilikuwa na sifa sita: uadilifu, uongozi, lugha nzuri kwa watu, utunzaji wa siri, uzoefu wa miaka kumi, uwezo wa kuona mbali. Alikuwa kwenye ya nne simu ilipolia. Wyson Mpochera, mtunza bustani, amefariki, anazikwa kesho kijijini Mtogolo.

Ezelina aliagiza jalada la Wyson kutoka masjala ili apate cha kuziba zile nafasi tatu, akalifungua kesho yake ndani ya lori, Geresomo kando yake, jeneza nyuma. Jalada lilikuwa jembamba. Kulikuwa na barua ya ajira, picha moja ya kijana mwenye shingo ndefu, na fomu kumi na moja za tathmini ya mwaka. Fomu hizo nazo Ezelina ndiye aliyezianzisha. Swali la tisa lilisema: Unahitaji nini ili uifanye kazi yako vizuri zaidi? Wyson alijibu kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara: KOTI LA MVUA. Ezelina alifunua fomu ya mwaka uliofuata. KOTI LA MVUA. Alifunua zote mpaka ya mwisho. Chini ya kila moja kulikuwa na mhuri uliosema IMESOMWA, na juu ya mhuri sahihi yake.

Alilifunga jalada, akatazama dirishani. Ilikuwa inanyesha ile mvua nyembamba ya kipupwe, inayoshuka mlimani bila radi na kukaa siku tatu.

Mtogolo hakuko mbali na chuo, na watunza bustani wengi hutoka huko. Katika miaka mitatu chuo kilikuwa kimezika watano pale. Ezelina hakulifikiria hilo. Alipoitwa alisimama kwenye udongo mwekundu uliochimbuliwa, Geresomo akimshikia mwavuli, akaanza.

"Marehemu Wyson Mpochera alikuwa mchapakazi..."

"Mnyenyekevu," walisema wanawake waliokaa chini, polepole, kabla yake.

Akasita, akaendelea. "Mtu wa..."

"Wa watu," wakasema, "aliyefika kazini kabla ya jua."

Hawakuwa wakimdhihaki. Walikuwa wameyashika tu, kama mtu anavyoshika sala. Lakini ukurasa ulipokaribia kwisha, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akamnong'oneza mwenzake kwa sauti iliyosikika mpaka kwa mchungaji: "Ngoja, sasa hivi linakuja pengo." Kicheko kikapita kwa wanawake, mkuu wa kijiji akakohoa kwa ukali.

Mama wa marehemu, Bibi Namkwenya, alikuwa ameketi karibu kabisa na jeneza, kitenge kichwani kimelowa. Akainua mkono.

"Mama wa chuo, hebu ngoja kwanza. Hayo uliyasema kwa Jekapu. Ukayasema kwa marehemu Stelia. Ni mazuri, hatukatai. Lakini huyu ni Wyson. Wyson ulimjua?"

"Malizia tu, mama," Geresomo alinong'ona. "Imebaki mistari mitatu."

Ezelina aliitazama ile mistari mitatu. Wino ulikuwa unaanza kuchuruzika.

"Sikumjua, bibi," alisema.

"Hata kidogo?"

"Nina jalada lake tu. Kila mwaka tulimuuliza anahitaji nini. Kila mwaka aliandika koti la mvua. Miaka kumi na moja. Nikapiga mhuri kwamba nimesoma." Akaishusha karatasi. "Sikusoma."

Kisha mmoja wa wachimba kaburi, mzee aliyeegemea koleo, akasema, "Lo! Kumbe ndiyo maana alikuwa akitembea na gunia la mbolea ya yurea kichwani! Tukamwita Bwana Yurea!" Watu wakacheka, kicheko cha kweli, na katikati ya kicheko hicho Bibi Namkwenya akasema, "Nilimwambia, mwanangu, si uwaombe koti? Akaniambia, nimeshaomba, mama, wataleta." Hapo sauti yake ikakatika. Kilio kikapanda kutoka kwake kwenda kwa wanawake, kwa wachimba kaburi, mpaka Geresomo akauinamisha mwavuli kuficha uso wake. Ezelina alisimama na karatasi iliyolowa. Aliona kwamba pale makaburini ni uso wake peke yake ambao haukuwa na machozi, ulikuwa na mvua tu.

Wakirudi, lori lilipoingia barabara ya lami, Geresomo alimgeukia.

"Mama, umetuanika," alisema. "Mwajiri anakiri kosa kaburini? Mbele ya mkuu wa kijiji? Na usaili wako ni mwezi ujao. Wakisikia?"

"Watasikia."

"Na huogopi?"

"Ningependa sana kuogopa," alisema Ezelina.

Asubuhi iliyofuata alifanya mambo mawili. Alitia sahihi agizo la makoti ya mvua kwa kitengo chote cha bustani. Kisha akalirudia lile tangazo, akamaliza ya nne, ya tano na ya sita, akageuza ukurasa na kuongeza sifa ya saba: Asiwe ameyazoea mazishi. Aliisoma mara moja. Alielewa vizuri sana inamkata nani. Akaliweka tangazo kwenye trei ya barua zinazotoka.

Tangazo lilikwenda kwa msajili likapigwa mhuri. Likaenda kwa makamu mkuu wa chuo likapigwa mhuri, likaenda kwa katibu wa baraza likapigwa wa tatu. Ijumaa likatoka gazetini kwa herufi ndogo. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu hakuna aliyelisoma. Chuo hicho kina maprofesa thelathini.

Makoti yalifika kabla ya usaili. Watunza bustani walikuwa kumi na mmoja, makoti yakaja kumi na mawili, kwa kuwa Ezelina alikuwa ametumia orodha ya zamani na hakulifuta jina la Wyson. Geresomo aliuliza la ziada lirudishwe dukani au vipi. Ezelina akasema lipelekwe Mtogolo. Baada ya siku mbili Bibi Namkwenya alituma ujumbe kwa mmoja wa watunza bustani: koti limefika, limechelewa, lakini ni zuri, analimia nalo.

Siku ya usaili waliitwa watu watano. Ezelina alikuwa wa mwisho. Kabla yake aliingia bwana mmoja kutoka Lilongwe aliyenukia manukato, na mwanamke mnene mpole kutoka Mzuzu, Tiwonge Msowoya, aliyekuja na chakula chake kwenye kibakuli. Ezelina alikuwa amekaa miaka minne akiwapangia wengine viti vya usaili kwenye chumba kile, akajikuta anakichunguza kiti chake kama mguu wake umekazwa vizuri.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa Profesa Mataka, mama mfupi mwenye macho makali. Alimuuliza sifa moja baada ya nyingine. Ezelina alijibu zote vizuri, bila kukwama, na Bwana Kambauwa alikuwa anaitikia kwa kichwa na kumkonyeza kidogo. Ilionekana mambo yamekwisha. Profesa akaligeuza tangazo ili aandike alama nyuma yake, mkono ukasimama.

"Kuna saba," alisema. Akaisoma kimya, kisha kwa sauti. "Asiwe ameyazoea mazishi."

Bwana Kambauwa aliinyakua nakala yake akaigeuza. Mjumbe mmoja akacheka, alipoona yuko peke yake akaacha.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi, Profesa."

"Na iliidhinishwa?"

"Ina mihuri mitatu."

"Makosa ya uchapaji hayo," Bwana Kambauwa alidakia. "Profesa, tuiruke tu. Mama, ni makosa ya uchapaji, si ndiyo?" Alimtazama Ezelina kwa macho ya kumsihi. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake, na alikuwa anampa kazi ile mkononi. Ezelina alitakiwa kuitikia kwa kichwa, basi.

Profesa Mataka alivua miwani. "Waliotangulia sikuwauliza kwa kuwa sikuiona. Nitawaita tena niwaulize. Lakini wewe ndiye uliyeiandika, kwa hiyo nakuuliza sasa hivi. Umeyazoea?"

"Nimeyazoea."

"Kiasi gani?"

"Mume wangu alizikwa kwa maneno niliyoyaandika mwenyewe," alisema Ezelina. "Nilikuwa najua koma ziko wapi. Sijamlilia mpaka leo."

Bwana Kambauwa aligeuka akatazama nje. Profesa alivaa miwani polepole.

"Kwa hiyo kwa tangazo lako mwenyewe, hufai."

"Sifai, Profesa. Lakini tangazo ni sahihi."

Kazi alipewa Tiwonge Msowoya. Bwana Kambauwa alikuja mwenyewe kumwambia, akakataa kuketi. "Yule wa Lilongwe alisema mazishini anatumaga dereva. Yule mama wa Mzuzu alisema kila akitoka msibani hali siku mbili, tumbo linakataa. Wakampa alama zote. Tumbo, mama! Nawe ungenyamaza tu. Kichwa tu ungekiinamisha!" Alikuwa amekasirika kweli, na Ezelina akamwonea huruma, au alijua kwamba hapo ndipo mtu huona huruma.

"Pole, bwana," alimwambia.

Zilibaki barua za waliokosa. Kaimu mkurugenzi ndiye huzitia sahihi, na mpaka mwisho wa mwezi kaimu alikuwa ni yeye. Barua hiyo nayo aliitunga yeye zamani: tunakushukuru kwa nia yako, ushindani ulikuwa mkubwa, tunakutakia kila la heri. Geresomo alizichapa nne, akaziweka mezani, akatoka haraka bila kumtazama usoni. Ezelina alitia sahihi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilianza: Mpendwa Bi. Ezelina Likongwe. Ikaishia: Ezelina Likongwe, Kaimu Mkurugenzi.

Aliisoma. Alijua koma ziko wapi. Akachukua kalamu akapiga mstari juu ya kila kitu kilichokuwa chini ya salamu, akaandika pembeni kwa mkono:

"Kazi hukuipata. Ulisema kweli, ikakuponza. Kuna jambo jingine ambalo chuo hakikukuambia vizuri. Pole kwa Medson. Alikuwa mvivu, na mwenye majivuno, na hakuna redio aliyoimaliza siku aliyoahidi. Asubuhi alikuwa akipiga mluzi huku akipiga mswaki. Miaka miwili sasa kioo ni kisafi."

Kalamu ilisimama hapo. Kitu kilimpanda kutoka chini kabisa ya tumbo, akadhani ni kikohozi, akaziba mdomo kwa mkono, haukutosha. Alilia kwa sauti, kichwa kikiwa juu ya meza ya chuo, akiliita jina la mtu, Medson, Medson wewe, kama wanavyolia wanawake wote wa Namilambe.

Geresomo alifungua mlango akiwa na majalada, akaona, akaufunga taratibu. Nje kwenye benchi walikuwa wameketi watu watatu wenye shida zao za likizo na uhamisho.

"Rudini mchana," aliwaambia. "Mama anasoma barua."